Chuma Kinachohama

Chuma kilikuwa kimehama tena!

Dukani kwake, Noreen Kivela alikipindua kiatu cha Britta, akafumba jicho moja, akachungulia kutoka kisiginoni hadi kidoleni. Jumatano iliyopita alikifunga hicho chuma cha kutelezea barafu katikati ya soli, kimenyooka kama uzi. Leo kimelala upande wa ndani. Wiki ya kabla yake kilikuwa kimelala nje. Na kuna wiki kilirudi palepale alipokiacha, ila vichwa vya skrubu vimekwaruzwa vibaya, na mtoto bado analalamika kinamvuta. Jamani, mtu afanye nini?

"Noreen, hiki chuma kina miguu?" akatania Dale, baba yake Britta, amejaa mlangoni na theluji mabegani.

"Kinatoroka usiku, baba," akadakia Britta. "Kinaenda kununua donati."

Baba na binti wakacheka mpaka wakashikana. Noreen hakucheka. Asubuhi hiyo Bi Ostby, mwalimu wa klabu ya kuteleza barafuni, alikuwa amempigia simu.

"Mtoto wa watu ameanguka tena! Wewe unakaza skrubu au unapaka rangi ya kucha? Jumamosi ana mashindano. Leo piga skrubu za kudumu. Nikisikia tena kinamvuta, viatu vya klabu nzima vinahamia kwa fundi wa Duluth."

Na viatu vya klabu ndiyo duka lenyewe. Bila hivyo, Noreen angefunga mlango akalale kwa mama yake.

Skrubu za muda hukaa kwenye matundu marefu, ili chuma kisogezwesogezwe mpaka mwenye kiatu aseme hapohapo. Za kudumu hazina mchezo. Zikishaingia kwenye soli, zimeingia. Noreen akamvalisha Britta, akamsimamisha, akapima kwa rula, akapima tena kwa jicho. Akamvua. Akatoboa, akatia gundi, akakaza mpaka kiganja kikamuwaka.

"Haya! Kisogee tena nikione!"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Britta akakumbatia viatu vyake, akatoka kwenda garini. Dale akabaki anaikunjakunja kofia yake.

"Ndiyo basi? Haturudi tena?"

"Mpaka mguu ukue."

"Mguu wake haukui haraka." Halafu, bila kumtazama usoni, akasema, "Ni mimi, Noreen. Tukitoka hapa, akishuka kununua donati, nilikuwa nakilegeza garini. Kidogo tu, ili turudi. Sikutaka aanguke, Mungu anajua. Lakini korti imempa mama yake shule, mazoezi, sikukuu, kila kitu. Mimi nimeachiwa viatu."

Maneno Noreen alikuwa nayo, tena makali! Mtoto kaanguka, duka nusura life, na yeye mwenyewe siku hizi halali, anajiuliza kama macho yake yameharibika. Lakini akaitazama drili. Sasa angefanya nini? Tundu likishatobolewa limetobolewa.

"Pole, Dale," akasema tu.

Dale akavaa kofia yake, akatoka kuwasha gari.

Mara mlango ukafunguliwa tena. Alikuwa Britta, viatu bado kifuani. Akakigeuza kimoja, akajaribu skrubu kwa ukucha. Haikutikisika.

"Dada Noreen, hizi hazilegei kabisa?"

"Hazilegei, mpenzi."

"Hata kwa bisibisi?"

"Hata kwa bisibisi."

Britta akageuka kulitazama gari.

"Basi usimwambie baba," akanong'ona, "kwamba nilikuwa nakisogeza mimi, ili turudi."