Mlete Rafiki, Uchukue Suke

Kicheche alichimba ghala la mtama, akatangaza kwamba ndege atakayemleta rafiki ataingia ndani achukue suke zima, bure. Kanga akamkimbilia jirani yake Kwale, ambaye hakuwahi kula punje bila kuigeuza kwanza.

“Twende, shoga, nikapate suke langu!”

“Wewe uliletwa na nani?”

“Njiwa.”

“Yuko wapi?”

“Aliingia kuchukua suke lake.”

“Ulimwona akitoka?”

“Labda bado anakula. Kwani humwamini Njiwa?”

“Njiwa namwamini. Mwenye ghala je, nani anamjua?”

Kwale akamsihi Kanga asubiri hapo hapo, akaenda zake. Aliporudi, alitua kwenye tawi lililo juu ya ghala, akaita:

“Kaka Kicheche, mgeni aliyeletwa na rafiki, unamkagua mlangoni?”

“Hata kidogo, dada!” Kicheche akajibu kutoka ndani. “Huyo huingia tu.”

“Basi wangu huyo anakuja.”

Chatu akajipenyeza mlangoni. Kicheche akageuka kutafuta pa kutokea, lakini ghala lilikuwa na mlango mmoja tu. Alilichimba hivyo mwenyewe, ili mgeni akishaingia asitoke.