Kabari ya Fundi

Fundi aliichomoa kabari na kuitia mfukoni kabla mhandisi mgeni hajawasha kamera.

Kilikuwa kipande cha mti tu, kimeng'aa kwa jasho la mikono yake. Lakini mashine ile ya kukata soli ikishapata moto, kisu chake hujiangukia bila kuguswa. Aliyemtangulia fundi aliacha pale vidole viwili. Kwa miaka ishirini na sita, kabla ya kuingiza mkono chini ya kisu, fundi alichomeka kabari kwanza. Hakuna kitabu kilichoandika hayo.

"Mhandisi anauliza," alisema mkalimani, "mashine ina siri yoyote?"

"Siri itoke wapi? Punda huyo. Mpe mafuta, atabeba."

Mhandisi alicheka, akalipiga picha jina lililochorwa kwa msumari kwenye rangi ya kijani: MASHOTO.

"Binti yangu huyo," fundi alisema. "Nililichora siku alipoandika kwa mara ya kwanza. Kwa mkono wa kushoto."

Jioni mashine zote zilipakiwa kwenye makontena, kwenda nchi ile ambayo siku hizi hununua kila kitu, hata viwanda vya wenzake. Akufukuzaye hakwambii toka. Fundi alipewa cheti cha shukrani na kofia. Njiani roho ilimsuta. Watakaoikalia mashine ile nao walikuwa na mikono kama yake. Lakini hasira zilimzidi. Wana wahandisi wao, akajiambia, wataijua wenyewe.

"Usiwalaani," mkewe alimwambia. "Mwanetu yuko kwao, anaosha vyombo hotelini."

"Nimelaani kiwanda, mama watoto. Hoteli sijaitaja."

Kabari akaichomeka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba tangu mwaka juzi. Mkewe akapiga makofi: kumbe kufukuzwa kazi kuna faida.

Miezi minne baadaye, simu iliita wakiwa wanakunywa chai ya asubuhi. Uso wa binti ulijaa kioo chote, kofia ya kazi kichwani.

"Baba, vyombo kwaheri! Nina wiki nzima kiwanda cha viatu. Na leo wamenihamishia mashine nyingine, hutaamini. Ina jina langu!"

Akageuza simu. Fundi aliiona rangi ya kijani na zile herufi saba alizozichora mwenyewe. Kikombe kikamponyoka.

"Usiiguse! Mwanangu, toka hapo!"

"Sikusikii, Baba, kelele za huku!" Alikuwa akicheka, akiegesha simu juu ya boksi. "Tangu alfajiri haijapumzika, imechemka hiyo! Msimamizi katoka kidogo. Hebu tazama ninavyokata."

Akaingiza mkono wa kushoto chini ya kisu.