Mafungu Saba ya Mboje

Farasi walilia ndani ya televisheni, mwanamke akapiga yowe, kisha kikasikika kilio cha mtoto mchanga. Mboje akashusha pumzi. Fungu la tatu: mtoto aliyepotea.

Mafungu yalikuwa saba tu. Kwa miaka minne, tangu soko huria lituletee video hapa Bariadi, Mboje alisimama kando ya televisheni akiwatafsiria watu filamu za Kichina. Kichina chenyewe hakukijua hata neno. Alichojua ni kwamba binadamu hatuna visa vingi: kisasi, ndugu kugombea mwanamke, mtoto aliyepotea, mtu kukimbilia kwa adui yake, na vingine vitatu. Ukishalijua fungu, hadithi inakwenda yenyewe, kama ng'ombe anayerudi zizini.

Sasa mafungu hayo ndiyo yalikuwa macho yake. Macho aliyozaliwa nayo yalizimika tangu Pasaka. Aliyejua ni mkewe Nyanjige tu, aliyemfikisha kila alasiri hadi ndani ya banda kama anayemsindikiza. Tajudin, mwenye banda, angejua leo, kesho angeleta mtafsiri mwingine kutoka Mwanza. Na watoto watano walikula kwa mdomo wa Mboje.

Watu waliguna. Tajudin alikipiga kisanduku cha televisheni kofi, kama kawaida yake chenga zikizidi kwenye picha. Sauti iliendelea.

"Mtazameni!" Mboje alinyoosha kidole. "Mama anamficha mtoto ndani ya kapu!"

Halafu mabenchi yakaanza kuburuzwa, moja baada ya jingine.

Wanaondoka, Mungu wangu! Amekosea fungu! Mboje akatoa kila alichokuwa nacho: akalia kilio cha mama, akanguruma kama jambazi, akagaagaa vumbini. Mapanga yalipogongana, akaruka nayo. Mama alipomtambua mwanawe kwa kovu la shavuni, Mboje alikuwa akilia machozi ya kweli.

Watu walipiga makofi hadi mabati yakatetemeka. Walipotoka, Tajudin alimshika mkono, akamkwepesha benchi taratibu.

"Leo picha ilikuwa safi, bosi," Mboje aliharakisha kusema.

"Kaka Mboje," Tajudin alijibu, "kioo kilikufa mtoto akiwa bado mchanga. Nilitaka kuwatangazia watu waende zao. Wewe ukanyoosha kidole kwenye kioo cheusi, ukatuonyesha kapu. Ndipo wakageuza mabenchi, wakakutazama wewe."