Mtaro Uliozunguka Ukuta

Watu wa mtaa walipochimba mtaro wa kupitisha bomba la maji, Bi Salhina aliwafungia geti. "Uani kwangu hapapiti mtu na sururu," alisema. Basi wakauzungusha mtaro nje ya ukuta wake, penye mwamba, na kazi ya siku chache ikawa ya msimu mzima.

Siku ya kufungulia maji alijifungia ndani, akashusha pazia. Tausi, jirani aliyeongoza uchimbaji, akaja kubisha hodi.

"Shikamoo, mama. Watu wanakungoja."

"Marahaba. Wananingoja mimi? Wana nini cha kuniambia?"

"Hawana neno. Wewe ndiye mkubwa wetu hapa mtaani, tumekubaliana ufungue wewe."

"Tausi, mwanangu, mimi niliwafungia geti."

"Tunajua, mama. Chukua ndoo yako twende."

Alijitanda kanga akamfuata, akipita kando ya ule mtaro uliopinda kwenye mwamba uliochongwa kwa mikono. Laiti mtu mmoja angemtukana, angepumua. Badala yake walimpisha njia, wakamwamkia mmoja mmoja.

Aliinama akafungua koki. Maji yakatoka ya tope, kisha safi, na vigelegele vikapasuka nyuma yake. Ndoo ikajaa. Bi Salhina hakufunga koki wala hakugeuka. Maji yakafurika, yakamlowesha miguu, na katika mtaa ule uliozoea kupima maji kwa kikombe, hakuna aliyemwambia afunge.