Pointi za Benchi

"Namtoa leo leo! Mchezaji gani, kazi yake kupasha benchi joto?" kinyozi alifoka barazani, simu mkononi.

Mshonaji wa jirani akasimamisha cherehani. Anayetolewa ni mwanawe wa kumzaa, mcheza kikapu wa kulipwa. Kinyozi alikuwa amemchagua kwenye timu yake ya simuni, ule mchezo ambao mchezaji akifunga uwanjani, nawe unavuna pointi.

"Mwanangu nyanya, umbinyebinye kisha umrudishe kwenye fungu?"

"Mama, usinivimbie bure. Jana kaleta pointi mbili! Thamani yake iko wapi?"

"Na alipolikaba lile pandikizi la mtu, likashindwa hata kugeuka, simu yako ilihesabu?"

"Hiyo haihesabiwi."

"Basi simu yako haina macho, na wewe umeiacha ikuongoze!"

Kinyozi akacheka, kidole kikielea juu ya kitufe. Mama akakitazama: kidole laini, kilichonyooka. Vya mwanawe alikuwa ametoka kuvifunga bandeji, viwili vimevimba kama mihogo.

Akausukuma mlango wake ukawa wazi.

"Ingia ule, jirani. Mwenyewe yuko mezani. Bonyeza huku unamtazama usoni."