Sifuri Hazipungui

"Lita ishirini na nne za hewa zina molekuli nyingi. Andika sita, kisha sifuri ishirini na tatu," alisema mwalimu wa darasa la watu wazima, akiinua puto. "Humu mna lita kumi na mbili. Nani atahesabu?"

Subira, ambaye hakuwahi kufungua mdomo darasani, akajikuta ubaoni. Alikuwa ameapa moyoni: akichekwa leo, harudi tena. Akaandika tatu.

"Na sifuri nazo zigawe nusu, mwanangu!" akadakia Bi Mashavu, mwanafunzi mwenzake, kutoka nyuma.

Darasa likaangua kicheko. Subira akautazama mlango, kisha ubao.

"Nusu ya elfu sita ni elfu tatu, Bi. Sifuri hazipungui."

Bi Mashavu akapiga kigelegele. Sifuri za Subira zilikuwa kubwakubwa, ubao ukajaa upesi.

"Endelea ukutani!" wenzake wakampigia kelele.

Chaki ikavuka ubao, ikaendelea ukutani kuelekea dirishani.