Mikopo ya Marete

"Andika jina lake hapa," Kinoti alisema, na Kagwiria akaandika MARETE kwa herufi kubwa mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Hasira alikuwa nazo, na nani angemlaumu? Sacco moja ya wakulima ilikuwa imempa kazi ya kushika pesa dirishani. Kazi ya kukaa kwenye kiti, jamani, baada ya miaka minne ya kuuza ndizi sokoni Gakoromone, jua lake, matope yake. Ila walitaka cheti cha CRB cha kuonyesha kwamba hana deni lililomshinda, na walikitaka kufikia Ijumaa. Alipokiomba, akaambiwa jina lake limeharibika. Deni la shilingi elfu ishirini na moja, kwa kampuni ya mikopo ya simu ambayo hakuwahi hata kuisikia.

Laini iliyokopa ilisajiliwa kwa kitambulisho chake, sawa. Lakini ilikuwa laini ya zamani, ndani ya simu iliyobaki kwa Marete siku walipoachana. Sasa hapo mtu aambiwe nini zaidi?

Kinoti ndiye aliyeshughulikia malalamiko katika ofisi ya kampuni hiyo, hapa Meru mjini, na alikuwa ameeleza bila kuzunguka. Marete akikubali kwa maandishi kwamba yeye ndiye aliyekopa, deni litahamia kwake na jina la Kagwiria litasafishwa. Akikataa, faili itaenda polisi, na polisi watamtafuta mwenye kuishika hiyo laini popote alipo.

Mama yake Kagwiria, Beth, alikuwa ametoka Kanyakine asubuhi bila kuitwa na mtu. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango, kwa maana kwao mama mkwe hakai chumba kimoja na mkwe wake, hata ndoa ikiwa imevunjika.

"Achana na hii kesi, mwanangu," alikuwa amemwambia. "Kazi zingine zitakuja."

"Zitoke wapi, mama?"

Beth aliukaza mkoba wake chini ya kwapa.

Marete alifika saa tano kutoka Embu, anakofanya kazi ya mjengo, viatu vimejaa simiti. Alimwamkua mkwe wake kwa mbali, macho chini, akaingia. Alikuwa amekonda. Kagwiria aliliona hilo na akajichukia kwa kuliona.

Kinoti alimsukumia orodha. "Mikopo kumi na minane. Mmoja kila mwezi, tarehe ishirini na saba, ishirini na nane. Kila mmoja umelipwa kwa kukopa mwingine mkubwa zaidi, mpaka ule wa mwezi wa tano ukakwama."

"Mwisho wa mwezi," Kagwiria alisema. "Watu wakilipwa, baa zinajaa. Angekosaje?"

"Mama Purity, mimi sijakopa kitu. Vitu vyako si nilipeleka kwenu vyote?"

"Sufuria na nguo nilipewa. Simu sikuiona mpaka leo."

Marete alifungua mdomo, lakini Kagwiria hakumpa nafasi. Yalikuwa yamemkaa kifuani siku nyingi mno.

"Na usidhani sijui mema yako. Pesa ulizokuwa ukimtumia mama kila mwezi za Purity, nimezishukuru. Mtoto alinunuliwa viatu, akalipiwa chakula cha shule, na kila mtu pale Kanyakine anajua babake hamsahau. Kumbe unampa yeye halafu unaniibia mimi! Na sasa ni miezi miwili hujatuma chochote. Mtoto anamuuliza nyanya yake, baba amekasirika? Nimjibu nini?"

Marete aliivuta ile orodha karibu, akapitisha kidole juu ya tarehe, moja baada ya nyingine, polepole kabisa, mpaka ya mwisho. Kisha akageuza kichwa akatazama mlango. Aliporudisha uso machozi yalikuwa yamemjaa. Ya mwizi aliyeshikwa, Kagwiria akawaza, na bado yakamuuma.

"Anasema mimi ndiye ninayemtumia?"

"Anajisifu nayo kwa kila mtoto darasani."

Marete alijipangusa kwa mkono wa shati.

"Lete kalamu," akamwambia Kinoti.

"Unaelewa? Deni linakuwa lako lote, na jina lako ndilo litakaloingia CRB. Mkopo hutapata popote."

"Naelewa. Ni mimi. Nipe nitie sahihi."

Akatia sahihi kurasa zote tatu. Kagwiria alikuwa amejiandaa kwa vita, kwa matusi, kwa wakili hata. Hakuwa amejiandaa kwa hili. Alilia pale pale mbele ya watu, akijiambia ni furaha ya kazi, na haikuwa furaha. Alikuwa amempenda mtu huyu. Hata baada ya kuachana alikuwa amebakisha kwake heshima kidogo, kwa ajili ya zile pesa za mtoto, na leo imeisha.

"Twende nikuchapishie barua yako," Kinoti alimwambia kwa upole, akampeleka chumba cha ndani.

Marete alitoka. Ukumbi wa nje ulikuwa mtupu, ila Beth kwenye benchi lake. Mama alisimama, akainamisha kichwa, midomo ikimcheza kama mtu anayeanza sala na kuisahau. Kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yake, Marete alimsogelea mkwe wake mpaka wakabaki hatua moja, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, hiyo laini itoe kwa simu uitupe leo. Pesa za Purity, kuanzia mwezi huu nitakuwa nikituma mimi."